Ng'ombe Waliohesabiwa Mara Mbili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya Mbulu inakata vidole. Rasimu imetoka leo: mpango wa mji na kata jirani wa kupunguza gesijoto. Kurasa tisini! Nami nimo ndani yake. Miezi miwili nilizunguka kata za Tumati na Maretadu na madodoso, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nikihesabu kuni, pikipiki, mbolea, ng'ombe. Kila ng'ombe hupewa kiwango chake cha gesi ya methani kwa mwaka, kisha hesabu inazidishwa. Tiba iliyopendekezwa: kila kaya ipunguze theluthi ya ng'ombe wake.

Theluthi! Je, ni mfugaji wa Tumati aliyeipasha dunia joto?

Jumanne, 15 Julai

Nimepitia madodoso tangu asubuhi. Yana namba tu, lakini kaya hizi mbili nazikumbuka. Mzee Tluway, Tumati: ng'ombe tisa. Mama yangu, Maretadu: ng'ombe wawili.

Mama! Zizi lake lina mbuzi tu. Ng'ombe wake wawili wanatunzwa kwa Mzee Tluway — wamo katika wale tisa.

Niliuliza, "Una ng'ombe wangapi?" Mwenye mali alihesabu mali yake; mtunzaji alihesabu zizi lake. Huenda nusu ya kaya ziko hivyo. Nami, binti wa Kiiraqw niliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa watu, sikuuliza wanalala wapi! Kosa si la mgeni. Ni langu.

Jumatano, 16 Julai

Nimemweleza Evarist, mtaalamu wa mradi. Akacheka. "Judica mwanaharakati! Si wewe uliyesema takwimu ni silaha ya wanyonge? Haya, imekulenga." Kisha akawa mkali: madodoso yana namba tu, bila majina, kwa hiyo anataka kaya mbili zilizotajwa wazi, ya mwenye ng'ombe na ya mtunzaji. Vinginevyo Ijumaa mkutano wa wafugaji unapitisha rasimu.

Majina! Niliwaahidi watu siri.

Alhamisi, 17 Julai

Tumati kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umerudi kuhesabu? Safari hii usisahau kuku."

Nilimsihi akubali kutajwa pamoja na mama. Mzee Tluway alikataa bila kupandisha sauti: akimtaja mwenye ng'ombe, nani atamwamini tena na ndama? Watu hutawanya mifugo ili ugonjwa usimalize zizi zima. Na ili ndugu wasijue idadi.

Ndugu. Baba alipofariki, baba mdogo Sulle alisomba zizi lote. Wale wawili walipona kwa sababu hawakuwamo. Ndio ada ya shule ya mdogo wangu, ndio uzee wa mama.

Jioni nilimwambia mama. Aliendelea kuchambua maharage. "Ukitaja, Sulle atawafikia kabla mimi sijavaa viatu." Kisha: "Lakini na Tluway akiambiwa apunguze watatu, ataanza na wa nani?"

Nikainamia maharage pamoja naye. Mimi, mwenye jibu kwa kila jukwaa!

Ijumaa, 18 Julai

Ukumbini. Mapumziko ya chai. Naandika kwa haraka.

Nimezungumza. Nimesema mpango uliojengwa juu ya ng'ombe wasiokuwepo utawanyang'anya watu ng'ombe waliopo. Wamepiga makofi! Mwenyekiti akasubiri yatulie, akasema kwa upole: taja mwenye ng'ombe mmoja na mtunzaji wake, tuhakiki, rasimu irudi kuhesabiwa upya; atanisikiliza baada ya chai.

Ukumbi mzima ukatazama viatu. Wafugaji sitini, na pengine nusu yao wana ng'ombe kwa wenzao.

Jozi pekee ninayoweza kuithibitisha kwa macho yangu ni yetu: mama na Mzee Tluway.

Mama hakuja. Mzee Tluway yuko safu ya tatu, kofia magotini. Baba mdogo Sulle yuko safu ya mbele, mjumbe wa kata. Ameniletea andazi. "Sema, mwanangu. Usiogope, sisi ni familia."

Andazi liko hapa, sijaligusa.

Watu wanarudi kuketi. Mwenyekiti anauliza kama nimepata majina. Baba mdogo ameinuka — ananisogezea kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.