Kibanda cha Kakako Mbwana

Kibanda tumepewa, mwanangu, pale pale watu washukapo feri!

Salaam, Mwanatatu. Baraza la mji lataka mafundi wafungue biashara huku Likoni, na bwana wao kaja mlangoni mwenyewe. Kanzu aliyovaa kashona kakako Mbwana. Nani hamjui fundi wangu? Akasema, "Mama, kibanda alichokiomba marehemu ni cha mkewe sasa. Mwenye eda hatumharakishi, tutamngoja."

Kila asubuhi naenda kukifagia. Watu waniuliza, "Fundi yuwapi?" Nawajibu yuwaja. Lile neno jingine, mwanangu, ulimi wakataa.

Wifiyo Mishi atoka eda Alhamisi. Cherehani ya mumewe ataibeba nani, kama si nyinyi nduguze?

Mimi mamako Mwanarusi, nawangoja nyote Ijumaa.