Kivuli Kisicho na Spana

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mdogo wangu rubani anazidi kunenepa kwa sifa, sare imeanza kumbana.

Huku kwenye karakana ya ndege kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni inapotundikwa. Leo kivuli kimoja hakina spana, na ndege niliyokuwa nikiitengeneza ndiyo atakayoirusha yeye kuja huko kwako. Nimepekua injini mpaka vidole vikachubuka, spana sijaiona. Bosi anasema spana itakuwa imeanguka mahali pengine, ndege iruke. Mdogo wangu naye kakataa kunisikia: “Dada, nikigoma mara moja tu, watasema wanawake waoga.”

Barua hii anakuletea mwenyewe. Ukiisoma, ujue ametua salama. Basi jifanye mgonjwa, lia, fanya lolote, lakini asirudi na ndege ile.

Mwanao fundi, ninayetazama angani.