Nyuzi Kumi za Kidonda Changu

Alhamisi, katikati ya Machi. Ikinga, kijijini kwetu. Asubuhi ukungu, mchana ngurumo, na sasa jioni matone ya mwisho yanadondoka kutoka kwenye bati. Mtandao umerudi, kwa hiyo naandika kabla haujabadili mawazo.

Leo najisifu. Nasema mapema ili asiyependa majigambo afunge ukurasa huu akaendelee na shughuli zake. Kwa wiki kumi nimekisafisha kidonda changu mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na leo kimefunga.

Kimefunga kabisa.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Tunduma, hatua chache kutoka barabara ya malori. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimesimama nje nampima mteja mabega, mgongo nimeupa barabara. Guta la matairi matatu lililojaa magunia ya mchele likashindwa mlima, likaanza kurudi nyuma. Mteja aliruka. Mimi nilibaki na futi ya kupimia shingoni nashangaa, mguu wangu wa kulia ukabanwa kati ya guta na ukingo wa mtaro. Mfupa wa muundi ulivunjika sehemu mbili.

Hospitali walinipasua, wakaunganisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu saba. Daktari alinionyesha kwenye picha ya eksirei. Lilikuwa limelala pale, jeupe, limenyooka kama rula. Nilimuuliza swali moja tu, kama nitakanyaga cherehani tena, maana huo ndio mguu ninaokanyagia. Akasema, "Kidonda kikipona vizuri, utakanyaga." Nikaishika ile "kikipona vizuri" nikarudi nayo kwa mama, huku milimani Ileje, kwa sababu chumba changu cha mjini kina ngazi na choo chake kiko mbali.

Sasa, wa huku mnajua mambo ya radi. Ngurumo ikianza, mama naye anaanza mizunguko yake: kioo kinafunikwa kanga, masufuria yanaondolewa mlangoni, panga na majembe yanasukumwa chini ya kitanda, simu inazimwa. Nimekua naona hivyo. Na radi kwetu si hadithi. Nikiwa darasa la nne iliua ng'ombe wawili wa jirani, na shimo walilofukiwa nalijua mpaka leo.

Halafu mama huyu akaletewa binti mwenye chuma ndani ya mguu.

Ngurumo ya kwanza baada ya mimi kufika, alifunika kioo, akaficha panga, kisha akasimama katikati ya sebule akanitazama. Niliona anawaza chini ya kitanda patanitosha au la. Mwisho akaja na kitenge akauzungushia mguu. Juu yake blanketi. Juu ya blanketi ile nailoni nzito ya kuanikia kahawa, akaifunga kwa kamba. Mguu ukawa mnene kama mgomba. Nilicheka mpaka nyuzi za hospitali zikauma.

Nilicheka, lakini sikukataa.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Ndugu na marafiki wote niliwaambia nilimwachia mama afanye hivyo ili asiwe na wasiwasi. Si kweli. Na mimi niliogopa. Mtu niliyesoma mpaka kidato cha nne, ninayeshona suti za mabwana harusi wa Tunduma, mbingu ikinguruma nilikuwa nausikia mguu mzito, na nikimwona mama anakuja na nailoni yake moyo unatulia. Mwezi ule ngurumo zilikuwa karibu kila mchana. Kila mchana mguu ulikaa ndani ya nailoni saa mbili, tatu, ukitoka jasho na bandeji ikilowa.

Nyuzi zilipotolewa, sehemu ya chini ya mshono ilifunguka. Ikaanza kutoa maji, kisha usaha. Nikarudi hospitali. Daktari alinusa bandeji, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyekuwa amenisindikiza.

"Usaha ukifika kwenye chuma, itabidi tukitoe kabla mfupa haujashika," alisema. "Tutaanza upya, na safari hiyo sitakuahidi cherehani."

Nilipewa dawa za kumeza, nikaambiwa kidonda kisafishwe kila siku bila kuruka. Kila siku! Zahanati yetu iko ng'ambo ya kilima, na kwa magongo kwenye tope la Januari ile ni safari ya nusu siku. Kwa hiyo nesi Atupele wa pale zahanati, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alinikalisha kwenye benchi akanifundisha. Maji yachemke sawasawa, yatiwe chumvi kiasi, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mikono ioshwe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Pamba ikishapita kwenye kidonda isirudi tena. Majani marufuku, asali marufuku, na unga wa vidonge vya rangi mbili, ule ambao kila jirani atakushauri unyunyize, marufuku zaidi. Kikishafungwa, kikae kikavu.

Nilimuuliza na lile la radi, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni mtu mwingine aliyenituma. Hakunicheka. "Chuma kilicho ndani ya mwili hakiiti radi," alisema. "Lakini nailoni inaita usaha. Umeuona mwenyewe."

Siku mbili baadaye ikanguruma. Mama akaja na kitenge, blanketi na nailoni, kamba ameibana kwapani.

Nikamwambia, "Mama, leo hapana."

Nina miaka thelathini na moja na hilo neno sikuwahi kumwambia usoni. Alisimama. Akauliza, "Radi ikikufuata hapo ulipo, mimi nitawaambia nini watu?"

Nikajibu, "Utawaambia nilikufa na kidonda kikavu."

Ulimi huu. Mteja akinisumbua kibandani unanisaidia, lakini yule hakuwa mteja. Mama alichukua blanketi lake akaenda kukaa jiko la nje, peke yake, mpaka mvua ilipokatika. Na tangu siku hiyo, kila ngurumo ilipoanza, alifunika kioo, akaficha panga, akaenda jikoni. Mimi na chuma changu tukabaki sebuleni. Hatukugombana. Chakula alinipakulia, habari za asubuhi tuliulizana. Ila radi ikipiga kila mtu alikuwa chini ya bati lake, na hiyo iliniuma kuliko kidonda.

Basi, kazi. Kila asubuhi nilikunja kitambaa safi mezani, nikanawa, nikakata shashi kwa mkasi uliochemshwa, pembe kwa pembe, maana hata bandeji siwezi kuikata ikaenda upande. Nilishona sketi yenye mpasuo wa vifungo kuanzia goti mpaka chini, ili nifungue mguu bila kuvua nguo. Kwa kushona huko nilizungusha gurudumu kwa mkono kwenye cherehani ya zamani ya mama, ile niliyojifunzia. Ilinichukua siku nne. Nesi Atupele alipoiona aliigeuza ndani nje akakagua mshono, akaniambia nimshonee na yeye mfano kwa ajili ya wagonjwa wake.

Halafu nyuzi. Daktari alitaka kujua kidonda kinapungua au la, na macho yakitazama kitu kila siku yanadanganya. Mimi najua kupima. Kila Jumapili niliweka futi kando ya kidonda bila kukigusa, nikakata uzi mwekundu wa urefu huohuo, nikaubandika kwenye daftari. Wa kwanza ulikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Wa pili ulipungua kidogo sana, nikalia. Wa tatu ukapungua zaidi. Wa tano ukawa mrefu kuliko wa nne.

Huo wa tano ni wangu mimi, mama hahusiki. Nilikwenda kanisani nikaona haya watu kuangalia bandeji, nikavaa soksi ndefu ya kubana. Ibada ilikuwa ndefu, mahubiri yakakolea, na nilipoivua soksi ilikuja na ngozi mpya yote niliyokuwa nimeilea. Niliubandika ule uzi mrefu vilevile. Fundi anayeficha kipimo kibaya hafai.

Nyuzi zikaendelea kufupika. Wiki iliyopita hospitali walipiga picha nyingine, daktari akasema mfupa umeshika, na kidonda kikifunga naruhusiwa kukanyaga cherehani taratibu. Jumapili hii uzi wa kumi ulikuwa mfupi kama punje ya mchele, nikaubandika kwa sindano maana vidole havikuweza kuushika.

Leo asubuhi nilipanda kilima kwa gongo moja. Nesi Atupele alifungua bandeji, akaminya pembeni, akaminya tena, akapapasa joto kwa mgongo wa mkono. Akaivingirisha ile bandeji na kuitupa kwenye ndoo.

"Hii huihitaji tena," alisema. "Nani alikuwa anakusafisha?"

"Mwenyewe."

Nilisema kwa sauti ya kutosha. Kulikuwa na wagonjwa sita kwenye benchi na nilitaka wote wasikie. Akaomba daftari, akalifungua mbele ya mzee mmoja mwenye kidonda cha panga, akamwonyesha nyuzi zangu moja baada ya nyingine, kuanzia kidole mpaka punje. "Umeona?" akamwambia. "Hivi ndivyo kidonda kinavyopona. Polepole, na siku nyingine kinarudi nyuma." Mzee akanitazama kwa heshima. Nilitoka pale kichwa kiko juu ya mawingu ya Ileje.

Lakini njiani, mteremkoni, lile neno "mwenyewe" likaanza kunibana.

Mikono ilikuwa yangu, sawa. Na maji? Kila asubuhi kwa wiki kumi nilifungua mlango nikakuta sufuria kizingitini, limefunikwa kwa mfuniko uliosuguliwa, ndani maji yaliyochemka na kupoa, chumvi tayari imo. Hata asubuhi baada ya yale maneno yangu. Hata siku alizokuwa na homa. Sikumwomba na hakuwahi kulitaja. Mimi nilinawa, nikasafisha, nikajipongeza.

Nilifika nyumbani saa nane, wingu limeshakuwa jeusi. Mama alikuwa anafunika kioo. Nikakaa kwenye mkeka, nikanyoosha mguu ukiwa wazi, bila bandeji, kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Ngurumo ikapita mbali, upande wa Malawi. Akasukuma panga chini ya kitanda. Nikasubiri aelekee jikoni.

Hakwenda. Alisimama mlangoni akautazama mguu, kisha akauliza, "Jumapili ulibandika uzi kama punje ya mchele. Wa leo uko wapi?"

Nilidhani hajawahi kulifungua lile daftari. Mama hajui kusoma, na sikuwahi kuwaza kwamba nyuzi hazihitaji kusomwa. Kumbe kila Jumapili, nikishatoka kuota jua, alikuwa anazipima kwa kidole chake.

"Wa leo haupo, Mama," nikamwambia. "Hakuna cha kupima."

Akaja akakaa. Hakukaa mbali, alikaa pembeni yangu kabisa, miguu ameinyoosha sambamba na yangu, ile ya kwake iliyopasuka visigino na huu wangu wenye kovu. Nikamwambia kwamba maji yalikuwa yake na kwamba zahanati nimejisifia peke yangu. Akasema, "Najua. Nakufahamu." Nikamwomba msamaha kwa lile la kufa na kidonda kikavu. Akasema hilo nalo analijua, ila nikirudia atanichapa na gongo langu mwenyewe.

Ndipo radi ikapasuka juu ya nyumba. Bati lote lilitetemeka. Mama aliruka, na mkono wake ukadaka kitu kilichokuwa karibu.

Kilikuwa ule mguu. Pale pale penye chuma.

Nilisubiri auachie. Aliutazama mkono wake, akautazama mguu, akavuta pumzi. Hakuuachia. Aliushika hivyohivyo, radi ya pili, radi ya tatu, mpaka mvua ilipogeuka manyunyu.

Nimewahi kusifiwa na mabwana harusi, na leo nimesifiwa na nesi asiyecheka. Sifa zote hizo naziweka chini ya mkono ule.

Gurudumu la cherehani ya mama nimeshalitia mafuta. Kile kitenge cha kuufungia mguu kimechakaa pindo lote kwa sababu ya kamba, na mwenyewe ameshaniambia anakitaka kanisani Jumapili. Nimempima urefu leo jioni, akiwa amesimama wima anajifanya hana haraka. Kesho nakikanyagia pindo jipya, kwa mguu wa kulia.