Kikombe cha Wifi

Jumapili usiku

Kikombe kaja nacho kutoka kwake Matai! Wifi yangu huyo, dada yake mume wangu, tumbo moja. Kakitoa mkobani, eti nimmiminie chai humo humo. Na sahani kaja nayo.

Daktari alitueleza, naye wifi akiwepo. Protini ya ubongoni mwa mume wangu imejikunja vibaya, sasa inaziharibu na nyingine. Haina dawa. Imeanza yenyewe tu, haikutoka kwenye nyama, haiambukizi kwa vyombo. Ni ndugu wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, lakini siyo wenyewe. Wifi akasikia ng'ombe tu, leo ananiuliza:

"Wifi, ulikuwa unamlisha nyama gani?"

Ile ile uliyokuwa ukiifuata hapa kila Krismasi, mpaka mifupa ukaimumunya. Nikammiminia chai yake. Ningesema!

Vikombe vyangu vinaua, ila kuku wangu wawili kaondoka nao.

Naogopa. Mwezi uliopita mume wangu alikuwa anafundisha, leo kijiko kinamshinda.

Wifi alipoaga, mgonjwa akadhani ni marehemu mama yao. Akanyoosha mkono. "Shikamoo, mama."

Wifi akaficha wake ndani ya kanga.

Mkono wa mume wangu nikaushika mimi.

"Marahaba, mwanangu."