Hina ya Harusi Isiyokuwepo

Jumatatu, 5 Februari

Anjera arobaini, mikate yetu ya maji, kabla ya saa moja asubuhi. Hakuna mwanamke Wajir nzima anayezimwaga mviringo kama mimi. Hata wanaonichukia wananunua kwangu.

Binti yangu Ifrah hakulala. Siku ya sita sasa. Anazunguka uani akijibu watu nisiowaona. Anasema mnara wa simu unamwita, jina lake, la baba yake, la babu yake. Mnara umejifunza ukoo wetu vizuri kuliko shemeji zangu.

Vidonge alivitupa chooni tangu mwezi wa kumi na mbili. Alisema vinamtia uzito wa ulimi, na mwalimu wa chekechea mwenye ulimi mzito atafundisha nini. Kweli. Lakini tangu avitupe hafundishi pia.

Nimechoka mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 8 Februari

Watu wa pikipiki wamemrudisha. Walimkuta barabara ya Bute, miguu mitupu, jua la saa saba mchana. Nyayo zimepasuka. Nilipokuwa namwosha akaniuliza kama mimi ni mama yake au mtu aliyevaa sura ya mama yake. Nikamwambia, nani mwingine Wajir ana sura nzuri hivi? Hakucheka. Zamani angecheka mpaka aanguke.

Nikitaja hospitali anasukuma kitanda mlangoni. Nafahamu sababu. Miaka mitatu iliyopita, daktari alipotuambia ni skizofrenia, baba yake ndiye aliyempeleka. Alimfunga kamba nyuma ya pikapu ya mbuzi. Mji mzima uliona.

Mimi si mtu wa kamba. Mimi nina akili.

Jumamosi, 10 Februari

Nimepata njia. Nitamwambia tunakwenda harusi Garissa, binti wa ndugu yangu Abdullahi anaolewa. Kabla ya Ramadhani harusi ni nyingi, ataamini. Abdullahi atatupokea na gari lake, tuingie hospitali moja kwa moja. Nimempigia, amekubali. Kesho atasema wazo ni lake. Ni langu.

Jumapili, 11 Februari

Jirani yangu Sahra alikuja kumpaka hina. Ifrah yule yule ambaye juzi alisumbua uani akatulia saa mbili nzima, mikono imenyooka, akichagua maua mwenyewe. Akasema, "Hooyo, na wewe upakwe, akina mama wa bibi harusi watasema nini?" Nikapakwa. Ananiita hooyo tena, mama, si mtu aliyevaa sura.

Aliimba. Nilikaa jikoni nikalia kidogo. Nikajiambia, tazama, bila kamba.

Jumanne, 13 Februari. Garissa

Basi la alfajiri. Njiani alilala begani kwangu. Kila aliyemtazama nilimwambia huyu ni binti yangu, ni mwalimu.

Abdullahi alitupokea. Lango la hospitali likafunguliwa. Ifrah aliona ukuta, akaniangalia. Hakupiga kelele.

"Hooyo, bibi harusi yuko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. Ndipo akakimbia.

Wanaume wanne. Mtandio ukamtoka. Nywele zake mbele ya wanaume wanne. Mmoja akaniambia, mama, shika mguu. Nikashika. Mikono yangu yenye maua kwenye mguu wake. Sindano. Alikuwa anasema "mtandio, mtandio", hakusema kitu kingine.

Wakanipa karatasi ya kumlaza. Nikaandika majina yangu yote matatu, nikakataa ule wino wa dole gumba. Karani alisifu mwandiko wangu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatano, 14 Februari

Wamesema nisije leo. Mlango wao ni wa chuma. Nimelala siku nzima kwa Abdullahi.

Ijumaa, 16 Februari

Nilimpelekea wali na nyama ya mbuzi. Aligeukia ukuta. Mate yanamtoka pembeni ya mdomo, vidole vinatetemeka. Nilimfuta, akausogeza mkono wangu. Polepole, kama unavyosogeza mlango.

Wanawake wa vitanda vingine wanamuuliza hina ni ya harusi ya nani. Anaficha mikono ndani ya shuka.

Nesi wa wodi anaitwa Mueni, Mkamba, Kiswahili chake kinakimbia kama mbuzi aliyeona bwawa. Anasema sauti zimepungua. Alhamdulillahi. Basi mbona hanitazami?

Jumatatu, 19 Februari

Siku ya sita ya ukuta. Anaongea na Mueni. Anaongea na mwanamke wa kufagia. Mimi niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili bila daktari, hapana.

Nimemkamata Mueni mlangoni. Ifrah anasema nini juu yangu? Hakutaka kusema. Akaenda akamuuliza Ifrah, akarudi na ruhusa. Hata ruhusa inaombwa siku hizi. Nimeandika kama nilivyoambiwa:

"Baba alinifunga kamba, nikajua ninafungwa. Mama alinipamba."

Na kuna lingine. Akitoka harudi kwangu. Anataka kwenda Buna kwa eeddo wake Maryan, shangazi, dada wa mume wangu. Maryan! Mwanamke ambaye anjera zake unaweza kupigilia misumari. Na dawa hataki hata kuzisikia, anasema ni za watu wenye imani ndogo. Ifrah akienda kule, mwezi mmoja atakuwa barabarani tena, na barabara ya Buna haina watu wa pikipiki kila saa.

Daktari anasema atatoka wiki hii au ijayo.

Alhamisi, 22 Februari

Leo ameongea na mimi. Nilidhani ni heri.

"Nataka haal."

Kwetu ukimvunjia mtu heshima unampa haal, kitu cha kumtuliza moyo, mbele ya mashahidi. Mume humpa mke. Ukoo huupa ukoo. Mama kumpa binti? Kutoka Mandera mpaka Garissa sijasikia.

Nikamwambia, mimi ndiye nilikutoa kwenye jua. Mimi ndiye nilikuosha nyayo. Nani anamlipa nani?

"Basi Buna," akasema. Akarudi ukutani.

Nimetoka na hasira. Nimetembea kwa miguu mpaka kwa Abdullahi.

Ijumaa, 23 Februari

Nimempigia mume wangu. Yuko na ngamia huko Buna, mtandao unakuja na kwenda. Nikamweleza, nikamngoja acheke. Mwanaume yule hucheka kwa mambo madogo kuliko hilo. Hakucheka.

Akasema, "Mimi haal ya kamba sijampa mpaka leo."

Simu ikakatika.

Nimekaa. Abdullahi aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Naumwa.

Jumamosi, 24 Februari

Nimetoa.

Mashahidi ni Abdullahi na Mueni. Na wodi nzima, maana hakuna aliyelala, hata waliojifunika. Ifrah alikaa kitandani amejifunga mtandio mara mbili. Nilisimama.

Nikasema, nilikudanganya. Hakukuwa na harusi. Wazo lilikuwa langu.

"Na mguu," akasema.

Nilikushika mguu.

"Na mtandio."

Niliuona ukianguka na sikuuokota. Hapo nikakaa chini.

Abdullahi akamuuliza haal yako nini, mbuzi, nguo? Ifrah akasema andikeni. Mueni akanipa daftari, nikaandika anavyosema, ulimi wake ukiwa mzito bado:

Nikiugua tena niambiwe ninakwenda wapi.
Nishikwe na wanawake.
Mtandio ukitoka nirudishiwe kabla ya sindano.

Nikamuuliza, na ukikataa hata baada ya kuambiwa? Akalivuta daftari, akaisoma tena mistari mitatu.

"Basi mnishike. Lakini niwe najua."

Tumetia sahihi wote wanne. Mueni ameuweka ukurasa ule mwanzo wa faili. Amesema ukweli wake pia, kwamba zamu nyingine ni za watu wengine na hawezi kuwaapia kwa niaba yao. Nilimheshimu kwa hilo.

Hakusema amenisamehe. Nilipotoka alisema, "Kesho lete ule wali."

Alhamisi, 29 Februari

Wajir. Amerudi nyumbani kwangu, si Buna. Maryan amepiga simu kulalamika, nikamsikiliza mpaka mwisho bila kumjibu. Watu hawataamini.

Ametoka na dawa nyingine, sindano moja kila mwezi. Anasema ulimi umepungua uzito kidogo. Mwendo bado ni wa mtu mzee. Analala mpaka saa nne, akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Mnara haujamwita leo. Nilimuuliza, akasema "Leo hapana." Halafu akasema nisimuulize kila siku. Sawa.

Mimi nimechoka. Mama hachoki, nilikuwa nasema hivyo. Nilikuwa nadanganya hata hilo.

Jumatatu, 4 Machi

Anjera thelathini tu. Unga ni mbaya, si mkono wangu.

Kila nikitoka ananiuliza naenda wapi. Jana nilisema kisimani, akaja nyuma yangu mpaka kisimani, akaniona, akarudi. Sahra alicheka, akasema siku hizi wewe ndiye unachungwa. Nikamwambia acha anichunge, ana haki.

Leo jioni nilimwambia naenda dukani, sukari imekwisha. Akasimama mlangoni. Nilipofika dukani niligeuka, bado amesimama. Nilinunua. Nilipotoka bado yuko pale pale, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

Nikainua mfuko wa sukari juu, aone.