Tableti Ndani ya Friji ya Kimchi

Dada yangu Yeon-suk,

Machungwa uliyotuma kutoka kisiwani yamefika, matamu kweli. Kabichi za kuchachusha kimchi tumeshazitia chumvi, mia nzima, na mgongo sina.

Mwanangu Da-on ametimiza miaka minne na bado hajatamka neno. Mwalimu wake wa chekechea alituwekea programu kwenye tableti: mtoto anagusa picha, tableti inamsemea. Juzi aligusa picha ya maji, kisha ya mama. Nililia, dada.

Mama mkwe hakulia. "Kidude hiki ndicho kinachomnyang'anya mtoto ulimi!" alisema, akakificha ndani ya friji ya kimchi. Da-on alimwona. Akasimama mbele ya friji akilia.

"Mwone mjukuu wangu, anataka kimchi!" Akamlisha. Da-on akaitema.

Kisha akanishika kidole, akakigonga kwenye mlango wa friji, kona ya chini, pale ambapo kwenye tableti huwa kuna picha ya "nisaidie". Akagonga tena.

Nami, mwenye ulimi, nikamuuliza mama mkwe kama chumvi imetosha.

Ukijibu, niulize habari za kabichi tu. Barua zinazonijia, mama mkwe huzisoma kwanza.

Mdogo wako,
Bo-kyung