Uji Sikuuandika

Kwako Mama yangu, Mwalimu,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote niambie kwanza: unalala? Goti la kushoto linakuruhusu kushuka mpaka barabarani? Dawa za presha unazimeza hata siku unazojisikia vizuri, au umerudia mtindo wako wa kuzihifadhi kama mbegu za msimu ujao? Nimesikia mvua imenyesha vizuri huko Rangwe na maharagwe yamechipua. Nilifurahi, kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akikupalilia, na furaha ikaishia hapo.

Mimi mwili wangu ni mzima. Nilirudi kazini wiki ya pili baada ya mazishi, katika nyumba yetu hii ya kutunzia wazee, na Waingereza wangu wakanipokea kwa kadi na keki ambayo siwezi kuila. Moyo ndio haujarudi. Sijui niliuacha wapi, kwako au njiani.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Nikipiga unasema sawa, unasema tumshukuru Mungu, kisha unampa simu mtu mwingine. Mwezi huu nimeongea na shangazi mara nne, na wewe na mimi tunajua kwamba shangazi na mimi hatuna maongezi ya mara nne. Sikulaumu. Lakini uliniuliza swali siku ile, sikulijibu, na limekaa kati yetu tangu hapo.

Gari lilikuwa limeshawashwa pale langoni, mizigo imefungwa. Saruji ya kaburi la Okoth ilikuwa bado mbichi. Ulikuja ukashika mlango, nami nikainamisha kichwa nikidhani unataka kuniombea. Ukasema kwa ile sauti yako ya darasani, ya chini, ambayo watoto waliiogopa kuliko kiboko: "Achieng', wewe ulikuwa unangoja nini?"

Nikafunga mlango. Nilimfungia mama yangu mlango usoni, nikalia mpaka Rodi Kopany, na dereva akaongeza sauti ya redio ili asinisikie. Leo nataka kukujibu. Vumilia, jibu ni refu.

Mwanzo unaujua. Figo za ndugu yangu Okoth zilipokufa zote mbili na ukaanza kumpeleka Homa Bay mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, mimi ndiye niliyeonekana ninafaa kumpa moja. Wewe una presha, shangazi ana sukari, mke wake damu zao zilikataana. Nikaja Desemba ile, tukaenda Nairobi, nikaingia kwa daktari, na nilipotoka nikawaambia kwamba imekubali, ila wamenipa muda wa kujitayarisha. Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Daktari alikuwa amenipandisha kwenye mizani nikasoma kilo mia moja ishirini na saba. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kumpasua mtu wa uzito huo atoe figo, ni hatari kwangu. Nishuke hadi tisini, ndipo nirudi. Niliona aibu, Mama. Mlikuwa mmesimama pale koridoni mnaomba, wewe umefumba macho. Ningekuambiaje kwamba kinachomzuia Okoth kupona ni mapaja yangu?

Okoth nilimwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu utoto alikuwa akiniita lori, unakumbuka ulivyomchapa kwa ajili hiyo. Alisema lori ishushe mzigo tu, yeye yuko.

Nikarudi huku nikajaribu. Nilikuwa nikienda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Niliacha mkate. Kilo tatu zikaondoka, mbili zikarudi. Basi nikaenda kwa wapasuaji wa hapa, wakanikata tumbo la chakula, sehemu kubwa wakaitoa, wakaniachia kipande chembamba kama ndizi. Hilo hukulijua hadi sasa unapolisoma. Siku ile nilipokupigia nikasema niko likizo, nilikuwa kitandani hospitalini na mirija mkononi. Okoth ndiye aliyeniomba nisikuambie. Alisema, "Mathe ako na mgonjwa mmoja, sista. Usimwongezee wa pili." Nikaona ni busara. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kimetuumbua sote wawili, yeye chini na mimi juu.

Miezi mitatu ya kwanza zilianguka kilo ishirini. Nywele nazo zilinyonyoka, ndiyo maana uliniona na vitambaa. Kila mwisho wa mwezi nilipiga picha mizani nikamtumia yule muuguzi wa Nairobi anayewapanga watoa figo, kisha nikamtumia Okoth. Yeye alinijibu kwa sauti, anapumua kwa shida, anataja kilo kama mtangazaji wa mpira.

Kisha mizani ikasimama. Mia moja na tatu. Wiki iliyofuata mia moja na tatu. Mwezi mzima mia moja na mbili, ukiisha mia moja na tatu tena. Nilibadilisha betri za mizani. Nilinunua nyingine. Nilijipima bila nguo, bila hereni, nikinyanyua mguu mmoja kama mjinga. Mghana mmoja ninayefanya naye kazi alikatwa wiki moja na mimi, na yeye nguo zilimpwaya hadi akabadilisha sare mara tatu. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilimchukia, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye alikuwa anapungua ili avae gauni la harusi ya binti yake, na mimi nilikuwa na mtu kwenye mashine. Na kila Jumatatu kazi yangu hapa ni kuwapima uzito wazee. Wao kilo zikishuka tunaandika kwa wino mwekundu na kumwita daktari. Nilikuwa namsaidia bibi wa watu ashuke kwenye kiti cha mizani, amepoteza kilo mbili bila kuzitafuta, nikatamani aniambukize.

Sasa nafika mahali pagumu. Kama umesimama, kaa.

Wewe kwenye simu uliniona uso tu, mashavu yamebonyea. Nilijua mmeanza kunong'ona. Shangazi aliniambia wazi kwamba pale sokoni watu wanasema nimepatwa na chira, kwamba nimevunja mwiko fulani huku ugenini na mwili unanyauka, na wengine wanataja ule ugonjwa mwingine. Wewe hukuuliza kitu. Ulitengeneza unga. Wimbi, mtama, soya, karanga za kukaanga, ukausaga mwenyewe mara mbili uwe laini, ukampa yule binti wa jirani anayesomea uuguzi huku. Ndani ukaweka karatasi: nipike kwa maziwa, nisitie maji, niongeze siagi na sukari, ninywe asubuhi, mchana na jioni.

Nilikunywa, Mama. Nyama ilikuwa inanikwama kifuani. Ugali ulinitapisha. Uji wako uliteremka bila kunisumbua, na nilipoumeza nilijihisi niko jikoni kwako nimekalia kile kigoda. Nilikunywa kama ulivyoandika, vikombe vitatu kila siku, vile vikubwa. Unga ulipokaribia kwisha ukatuma mwingine.

Hapa kuna mtaalamu wa lishe ninayeonana naye. Aliniambia niandike kwenye daftari kila ninachokula. Nikaandika kwa uaminifu wote ulionifunza. Yai moja. Samaki vijiko vitatu. Kabichi. Alikuwa anasoma daftari, anatazama mizani, anakuna kichwa. Miezi saba. Aliniambia nitembee zaidi, nikatembea. Aliniambia nisijipime kila siku, nikaficha mizani chini ya kitanda. Mara moja aliniuliza kama kuna kitu namficha, nikakasirika kabisa, kwa sababu sikuwa nimemficha kitu.

Uji sikuuandika. Haikunijia hata siku moja kuuandika. Nani kwetu anahesabu uji? Mtu amemaliza vikombe vitatu, ukimuuliza kama amekula anakuambia bado, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Chakula ni ugali. Uji ni wa kusubiria chakula. Mimi nimeishi huku miaka tisa, nazungumza Kiingereza chao, nawalisha wazee wao, na bado kichwani mwangu uji si chakula.

Siku mtaalamu yule alipogundua, aliona tu midomo yangu imekauka, akaniuliza, bila hata kutafuta kosa, nakunywa nini. Nikamwambia maji, chai kidogo, na uji wa mama. Akaniuliza unatengenezwaje. Nikamweleza kwa majivuno. Aliweka kalamu chini. Alipiga hesabu kwenye karatasi, akaigeuza nione, na nikaona kwamba kila siku nilikuwa nakula yote ya kwenye daftari mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naipitisha kwa kikombe. Tumbo lililokatwa huzuia kigumu. Kilicho laini kinapita.

Mama, hili lisome mara mbili. Unga wako haukumuua Okoth. Ungenitumia unga ule kama ungejua nimekatwa? Usingenitumia. Nilikuficha mimi, na wewe ukafanya kile ambacho mama yeyote hufanya akiona mtoto wake anakonda. Nimefikiria kutokuandikia sehemu hii kabisa, nikuambie tu kwamba madaktari walichelewa. Lakini ni uwongo ulionifikisha hapa, na siwezi kuongeza mwingine ili unisamehe.

Niliacha uji siku hiyohiyo. Niliufunga ule uliobaki, nikaupa kanisa. Wiki ya kwanza kilo mbili zikaanguka, ya pili moja na nusu. Nikampigia Okoth nikamweleza, nikilia. Akasema, "Kwani uji ni chakula?" Akacheka, nami nikacheka, tukacheka pamoja wapumbavu wawili. Akaniambia nisikwambie habari ya unga, utajilaumu. Kisha akasema, "Wewe punguza tu pole pole. Mimi niko tu. Siendi mahali."

Mwezi uliofuata homa ikamshika Jumatano, na Ijumaa ukanipigia. Hayo uliyaona wewe kwa macho yako, sitakusimulia.

Nilipokuja mazishini nilikuwa kilo tisini na nne. Watu waliona mwanamke mnene bado, aliyetoka kwa wazungu, anayekula wali vijiko vitatu na kusukuma sahani. Nilisikia yaliyosemwa nyuma ya hema, kwamba niliogopa kisu, kwamba nimekidharau hata chakula cha msiba wa ndugu yangu. Nilinyamaza kwa sababu kueleza kungeanza na tumbo na kuishia kwenye unga, na wewe ulikuwa umeketi palepale. Mke wa Okoth alinijia jikoni akanishika mkono. Nadhani alikuwa ameambiwa kila kitu.

Juzi, mwisho wa mwezi, nilitoa mizani chini ya kitanda. Nilifanya kwa mazoea, sikuwa na sababu. Ilisoma themanini na tisa na nusu. Nikapiga picha, na kabla akili haijaamka kidole kilikuwa kimeshaituma Nairobi kama miezi yote. Yule muuguzi hajui. Hakuna aliyemwambia, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Alinijibu dakika ileile: "Hongera sana dada, umefika. Panga tiketi, mje wote wawili."

Sijamjibu mpaka leo.

Nilikuwa nangoja hilo, Mama. Nilikuwa nangoja kilo kumi na tatu. Zimetoka. Figo zangu zote mbili ninazo, zimepimwa zikasifiwa, na sina wa kumpa.

Nisalimie mke wa Okoth, umwambie kitanda alichoniundia mumewe kisiuzwe, akilalie yeye. Msalimie shangazi, na mweleze habari ya tumbo kwa maneno yako, wewe anakusikiliza. Wasalimie wajomba zangu wa upande wako kule Migori waliosimama na wewe siku zote nne za msiba. Msalimie pia mchungaji wetu.

Usinipigie. Niandikie, hata mstari mmoja. Ukikosa la kusema, andika jina langu tu kwenye karatasi, uikunje, uitume. Hiyo itanitosha.

Ni mimi, mtoto wako aliyebaki,

Achieng'